Kupiga Yowe la Wizi Zamani

Mtu akinyakuliwa kikapu chake sokoni, je, jambo hilo ni lake peke yake? Sisi tulioona kwa macho yetu, twaweza kugeuza uso na kusema halituhusu? Katika Uingereza ya kale sheria ilijibu swali hili.

Mwaka 1285 Mfalme Edward wa Kwanza alitoa sheria katika mji wa Winchester. Siku zile hapakuwa na polisi kama tuwajuavyo. Basi palipopigwa yowe, walioko waliamriwa kumfuata mhalifu, kijiji hata kijiji, mpaka ashikwe. Tena wanyang'anyi wasipopatikana, watu wa tarafa ile walilipa hasara wote pamoja. Kwa hiyo aliyenyamaza alijitia hasarani mwenyewe.

Lakini sheria hiyo haikuwaachia walinzi wa usiku kuhukumu. Walipomshika mgeni, walimweka hata asubuhi. Asipoonekana na shaka aliachiliwa, na akiwa nayo alipelekwa kwa mkuu wa jimbo.

Sehemu kubwa ya sheria ile ilifutwa mwaka 1827, na mwaka 1829 Robert Peel alianzisha polisi wa London. Hata hivyo askari hawezi kuwapo kila mahali. Jicho la jirani humtangulia.

Basi tukiona wizi tupige yowe, tumzuie mwizi ikiwezekana, tumwite askari. Tusimpige. Huenda tuliyemshika siye. Na kikapu hulipika, bali roho ya mtu hailipiki.