Ukija Mukumu na baiskeli: njia za kupita na njia za kuepuka

Kila shule zikifungwa napokea simu kutoka Mombasa. Likizo hii alikuwa mpwa wangu wa Kisauni, kijana wa miaka 17, aliyenunuliwa baiskeli ya gia na anataka kuja nayo. Alikuwa ameshachora njia kwenye simu yake: kutoka kwangu Mukumu hadi Kisumu kwa barabara kuu, na kurudi siku hiyo hiyo. "Mjomba, ni lami tupu," akaniambia, kana kwamba hiyo ndiyo habari njema.

Nilimwambia hapana. Kwa kuwa si yeye peke yake anayeniuliza, naandika hapa mambo ambayo mtu wa Pwani anafaa kuyajua kabla ya kupakia baiskeli kwenye basi la kuja Magharibi.

Mukumu ni wapi

Mukumu iko Kaunti ya Kakamega, kando ya barabara kuu ya Kisumu kwenda Kakamega mjini. Wengi wanaijua kwa misheni ya Kikatoliki, shule ya wasichana na hospitali. Soko la jirani ni Khayega. Upande wa mashariki ni Shinyalu na msitu wa Kakamega, na upande wa magharibi ni Ikolomani.

Huku si kama kwetu. Pwani tunapambana na mchanga, jua na upepo wa bahari, lakini njia ni tambarare. Hapa tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na ardhi ni vilima mfululizo, unapanda, unashuka mtoni, unapanda tena. Mgeni wa kutoka Nyali au Mtwapa atahema siku mbili za kwanza hata kama ana mazoezi. Zipe hizo siku mbili mwendo mfupi.

Barabara kuu: ivuke, usiifanye njia

Barabara ya Kisumu–Kakamega ndiyo yenye lami nzuri na ndiyo ninayoiogopa zaidi. Inabeba matatu, mabasi ya usiku yanayochelewa asubuhi, lori za mizigo, na boda boda zinazotokea kila kichochoro. Kisheria matatu na lori hazifai kuzidi kilomita 80 kwa saa, na 50 zikipita mijini. Simama dakika tano kando ya barabara ujionee mwenyewe.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa nikiteremka kuelekea nyumbani, upande wangu wa kushoto, wakati matatu iliyokuwa ikija mbele yangu ilitoka kwenye laini yake kuipita lori. Ilinijia usoni. Nilichepuka, lakini pale ukingo wa lami umekatika na ardhi iko chini kama shubiri moja na nusu. Gurudumu la mbele lilidumbukia, mimi nikaruka juu ya usukani. Nilivunjika mfupa wa bega. Dereva hakusimama, na sidhani hata aliniona. Mama muuza ndizi ndiye aliyeniokota.

Ninalotaka msomaji alichukue hapo ni ule ukingo. Kwa mwendesha baiskeli, barabara ni salama iwapo ana mahali pa kutokea akisukumwa. Kabla ya kuipenda njia kwa mandhari yake, jiulize maswali matatu: Nani mwingine anaitumia, na kwa kasi gani? Nikilazimika kutoka, natokea wapi? Na mvua ikinyesha, njia hii inageuka nini?

Kipande kimoja cha barabara kuu kina ya kuona: Ilesi, kati ya Khayega na Kakamega mjini, ambako vyungu vya udongo hupangwa kando ya njia na ambako uko ule mwamba mrefu uliobeba jiwe kichwani, maarufu kama Mwamba Unaolia. Ukitaka kwenda, nenda Jumapili asubuhi mapema, au panda matatu. Vyungu havitakimbia.

Njia ya kwanza: Khayega, Shinyalu, Isecheno

Hii ndiyo ninayompa kila mgeni. Unaiacha barabara kuu Khayega na kuelekea mashariki. Magari yanapungua mara moja. Utapita mashamba ya mahindi, chai na migomba hadi soko la Shinyalu, kisha unaendelea hadi Isecheno, ukingoni mwa msitu. Kwenda tu ni chini ya kilomita 20 kutoka Mukumu, kwa hiyo hata mtu wa kawaida anaenda na kurudi kabla ya mchana.

Msitu wenyewe ni mabaki ya misitu ya mvua ya aina ya Kongo, na kwa Kenya hakuna mwingine kama huo. Ukisimama kimya utawaona mbega weusi wenye mabega meupe, kima, na pengine ndege mkubwa wa buluu anayeruka tawi hadi tawi. Baridi ya mle ndani itakushangaza.

Tahadhari ni tatu. Siku ya soko Shinyalu, shuka usukume. Punda, mbuzi na boda boda hawana laini. Pili, msituni usijiingize na baiskeli kwenye vijia bila kibali. Upande wa Isecheno ni wa Shirika la Huduma za Misitu, na upande wa kaskazini, Buyangu, ni wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Pande zote mbili uliza kwanza ada, na kijia gani baiskeli inaruhusiwa. Chukua mwelekezi, kwa sababu miti ikishakuzunguka mashariki na magharibi hufanana. Tatu, kilima cha Lirhanda kina mandhari ya kukumbukwa, lakini panda kwa miguu na uiache baiskeli chini kwa mtu unayemjua.

Njia ya pili: vilima vya Ikolomani

Upande wa magharibi, kuanzia Sigalagala, ndiko kwenye changarawe ya kweli: barabara nyekundu zinazopita kati ya miamba mikubwa ya mawe na maboma ya watu. Njia hizi zinapendeza kuliko zote, lakini zinataka akili zaidi.

Kwanza, huku kuna dhahabu. Wakoloni waliifuata miaka ya 1930, na hadi leo vijana wanachimba kwa mikono. Kuna mashimo yaliyoachwa wazi, mengine yamefunikwa na nyasi. Baki kwenye barabara inayopitiwa na watu. Kijia cha mkato ambacho simu inakuonyesha kinaweza kukufikisha shimoni.

Pili, huku wanapiganisha mafahali. Ukisikia ngoma ya isukuti ikija, ngoma ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, shuka, isogeze baiskeli kando na upishe. Nyuma ya ngoma kuna watu wengi wanaokimbia, na katikati yao kuna fahali aliyepandwa na hasira.

Tatu ni miteremko. Changarawe kavu huteleza kama punje za mtama chini ya kiatu. Hapa hata bingwa hana kinga. Suleiman Kangangi, mwendesha baiskeli wetu mashuhuri, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka kwenye mashindano ya changarawe jimbo la Vermont, Marekani. Yule alikuwa mtaalamu, mwenye baiskeli bora. Mimi na wewe tuteremke taratibu: breki zote mbili kwa kubonyeza kidogo kidogo kabla ya kona, si ndani ya kona.

Mvua na saa ya kutoka

Kakamega hupata mvua nyingi, zaidi Machi hadi Mei, na mara nyingi hunyesha alasiri. Huja na radi na mara nyingine mvua ya mawe. Toka saa moja asubuhi, uwe umerudi kufikia saa saba mchana. Udongo mwekundu ukilowa huganda kwenye tairi hadi gurudumu linakataa kuzunguka. Radi ikianza usijikinge chini ya mti. Tafuta baraza la duka.

Vya kubeba

Kofia ngumu, tyubu ya akiba, viraka, pampu, fulana ya rangi inayong'aa, taa ya nyuma, maji, na pesa taslimu kidogo. Tairi nyembamba za lami ziache nyumbani. Upana wa milimita 40 au zaidi unafaa. Ukiharibikiwa usihofu. Baiskeli imelisha watu wa Magharibi tangu zamani, na hata boda boda ilianzia mpakani Busia, ikiwa ni baiskeli. Sokoni hukosi fundi wa kunyoosha spoku. Ila gia za kisasa si kila fundi anazijua, kwa hiyo angalia breki na mnyororo kabla ya kusafiri.

Mpwa wangu

Alikuja. Siku ya tatu tulitoka kwenda Isecheno, na kufika Shinyalu niliona wingu jeusi juu ya msitu, saa nne tu. Nikamwambia tunarudi. Alininunia njia nzima. Tulikuwa tumeketi kwenye baraza la duka Khayega, kila mmoja na chai yake, mawe yalipoanza kupiga mabati na lori moja likapita barabarani bila taa. Aliliangalia hadi likapotea kwenye mvua, kisha akaniuliza kesho tutatoka saa ngapi.