Kijiji cha Naga, Kisiwani Java

Leo twaenda Indonesia, kisiwani Java, katika kijiji cha Kampung Naga, kwa Wasunda. Tunateremka mamia ya vidato mpaka mto Ciwulan. Ng'ambo ya mto upo msitu wa mwiko: haiingii mtu, wala haokoti kuni.

Mwaka 1956 waasi wa Darul Islam walikichoma kijiji. Maandishi ya wazee yakateketea. Ninyi mnaojifunza kusoma mtaelewa uchungu huo. Wenyeji husema mwenge ulizimika. Ujenzi, lakini, walikuwa nao mikononi: nyumba zikasimama tena kwa mtindo ule ule, kuta za mianzi, mapaa ya nyuzi za mti wa jamii ya mnazi. Kaburi la babu yao, Singaparana, limo msituni, magharibi mwa kijiji.