Kiungani Ilikoolea

Sisi tuliopita shule ya Minaki tulizoea kusema kwamba chuo chetu kilizaliwa Kiungani. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Kilizaliwa Kiungani, kikaoa Mbweni. Nami kwa kuwa nimepewa kurasa hizi chache za kumbukumbu, nitazitumia zaidi kusimulia harusi.

Wamisheni wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walifika Unguja mwaka 1864, Askofu Tozer akiwa pamoja na Dakta Edward Steere. Hawakuwa na shule wala mwanafunzi. Sultani Majid akawakabidhi wavulana watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa. Watano tu! Hao ndio babu zetu. Mmoja wao, John Swedi, akaja kupewa ushemasi mwaka 1879. Walipoongezeka wakahamishiwa Kiungani, shamba lililoelekea bahari kusini ya mji, na hapo ndipo kilipokua Chuo cha Mtakatifu Andrea. Vijana walisoma, waliimba, walipanga herufi za chapa kwa mikono yao. Mwaka 1888 walianza kutoa Msimulizi, miongoni mwa magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili. Kila nikikumbuka hilo moyo wangu hujaa.

Mbele zaidi ya Kiungani, ukifuata pwani, iko Mbweni. Shamba lake lilinunuliwa mwaka 1871. Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili, kimbunga kikaipiga Unguja na kung'oa mikarafuu kwa maelfu, lakini kazi haikukoma. Shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria ikasimama. Soko la watumwa mjini lilifungwa mwaka 1873, ila majahazi hayakuacha kuvusha watu kwa siri, na manowari za Kiingereza zikawa zinayakamata. Watoto wa kike waliotolewa humo wakaletwa Mbweni, wengine wadogo mno, hawajui hata kijiji walikotekwa kinaitwaje.

Mwaka 1877 akaja Bibi Caroline Thackeray, wa ukoo wa yule mwandishi wa riwaya wa Uingereza. Aliiongoza shule hiyo miaka 25. Wako wengine waliofanya kazi kubwa Mbweni, wanisamehe. Mimi nikisema Mbweni namwona Bibi Thackeray.

Sasa, harusi. Kwa desturi ya pwani ya wakati ule, mtumwa hakuoa wala hakuolewa bila idhini ya bwana wake, na mahari ya mjakazi ilikuwa haki ya bwana. Basi pima mwenyewe uzito wa siku ile msichana aliyekuwa amehesabiwa pamoja na mizigo ya jahazi alipotoka nyumbani Mbweni, akaingia kanisani kwa miguu yake, jina lake likiwa limekwisha kutangazwa mbele ya watu wote. Ibada ilikuwa kwa Kiswahili, kwa maana Steere alihimiza sana watu wasali kwa lugha wanayoielewa. Na katika ibada hiyo ya Kianglikana kuna mahali padri huuliza ni nani amtoaye mwanamke huyu aolewe. Kwetu sote hapo husogea baba, au mjomba, au kaka mkubwa. Binti wa Mbweni asogezewe na nani? Baba yake alikuwa ng'ambo ya ziwa Nyasa, kama yu hai. Hapo ndipo shule ilipokuwa ukoo. Iliyomlea ndiyo iliyomwoza, na bwana harusi wa Kiungani, ambaye naye hakuwa na mzee wa kumposea, alisindikizwa na wenzake wa bwenini.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Cecil Majaliwa na Lucy Magombeani. Majaliwa, Myao aliyeuzwa utotoni, alilelewa Kiungani. Lucy alilelewa Mbweni. Mwaka 1886 walihamia Chitangali, kusini bara, kwenda kulea Wakristo wachanga. Mwaka 1890 Majaliwa akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza wa misheni yetu. Watu humtaja yeye peke yake. Lakini nyumba ya padri kule porini, mbali na mji, ilihitaji watu wawili waliofundishwa, na Lucy alikuwa mmoja wao. Ndoa za namna hiyo zilipeleka walimu Magila, Masasi na Newala.

Si kila ndoa ilikuwa na raha. Wako mabinti waliopelekwa mbali wakiwa bado na machozi, na wako waliorudi. Wazee wetu hawakupenda kuyazungumza hayo, nami nawaheshimu.

Matunda yalionekana. Martin Kayamba alizaliwa Mbweni mwaka 1891, akasoma Kiungani, na mwaka 1931 akaenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. 

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1925 chuo kilihamia Minaki, karibu na Kisarawe. Mwaka 1965 UMCA iliungana na SPG, shirika jingine la misheni la Kianglikana. Mwaka 1970 lilizaliwa Jimbo la Tanzania la Kanisa letu, na miaka hiyohiyo shule ikaingia mikononi mwa Serikali, kama zilivyoingia shule nyingi za madhehebu. Inaendelea kufundisha.

Kule Mbweni majengo ya Mtakatifu Maria sasa ni magofu. Kanisa la hapohapo, la Mtakatifu Yohana, lililojengwa mwaka 1882, liko imara. Ingia ukaitazame altare yake ya marumaru, iliyotiwa vipande vya maganda ya chaza. Ukisogea hatua moja, rangi zake hubadilika. Mbele ya altare hiyo maharusi wetu walipiga magoti. Halafu toka uende makaburini. Bibi Thackeray alipostaafu mwaka 1902 hakurudi kwao. Alibaki Mbweni hadi alipofariki mwaka 1926, akazikwa jirani na kanisa alikowaoza mabinti zake.