Muziki Ulipohamia Viwandani

Novemba 1976, jumba la Metropolitan Opera jijini New York lilijaa pomoni kwa usiku mbili. Watu walikwenda kuona Einstein on the Beach, opera ya karibu saa tano isiyo na kisa wala mapumziko. Mtazamaji aliyechoka aliruhusiwa kutoka, akanyoosha miguu, akarudi kitini. Tiketi zote zilinunuliwa. Hata hivyo onyesho lilimwachia mtunzi wake, Philip Glass, deni la kuumiza kichwa. Alikuwa na umri wa miaka 39, na baada ya makofi kupoa alirudi kwenye usukani wa teksi.

Kazi za mikono hakuzionea haya. Aliwahi kuwa fundi bomba, na mwenyewe amesimulia siku aliyokuwa akifunga mashine ya kuoshea vyombo katika nyumba moja ya mtaa wa SoHo, mara mwenye nyumba akaingia na kuduwaa. Alikuwa Robert Hughes, mhakiki wa sanaa wa jarida la Time, ambaye hakuelewa msanii anatafuta nini jikoni kwake. Kabla ya hapo Glass na mtunzi mwenzake, Steve Reich, walikuwa na biashara ndogo ya kuhamisha samani.

Siku hizi mwanamuziki wa klasiki anayepiga, anayetunga na anayeshirikiana na watu wa roki au rapu husifiwa kwa moyo wake mpana. Moyo mpana haukosekani. Lakini ukifuatilia jinsi desturi hiyo ilivyoota mizizi kusini mwa Manhattan, unakuta kwanza watu waliotafuta mtu wa kupiga muziki wao wakamkosa.

Zamani lisingekuwa tatizo. Bach, Mozart na Liszt walipiga walichotunga na hakuna aliyewashangaa. Ni baadaye, vyuo vya muziki vilipopanuka na okestra zikawa taasisi kubwa, ndipo mtunzi alipobaki na kalamu na mpigaji akabaki na ala yake. Kijana mtunzi wa New York wa miaka ya 1960 alikuta okestra zikipenda zaidi kazi za marehemu. Akienda chuo kikuu cha Columbia au Princeton, alifundishwa muziki uliopangwa kwa hesabu kali, ambamo kurudia mdundo mmoja kwa dakika ishirini kungeonekana utovu wa akili.

Kusini zaidi, SoHo, viwanda vilikuwa vikifungwa au kuhama. Viliacha vyumba vipana vyenye madirisha marefu na kodi nafuu. Wachoraji walihamia humo bila kibali, na mwaka 1971 jiji likakubali kuhalalisha makazi yao. Wanamuziki walifuata nyuma. Glass alikwisha kuunda kundi lake la vinanda vya umeme na saksofoni mwaka 1968, tena kwa ujanja wa mfanyabiashara: hakutoa noti zake kwa watu wengine, hivyo aliyetaka kuusikia muziki huo alilazimika kuliita kundi lenyewe. Reich naye aliongoza wapigaji wake. Mwaka 1970 alikwenda Ghana kujifunza ngoma za Waewe kwa Gideon Alorwoyie, akarudi na malaria na uhakika kwamba njia yake ya kupishanisha midundo haikuwa wazimu. Kazi yake Drumming ilipigwa mara ya kwanza Desemba 1971.

Mwaka huohuo ulifunguliwa ukumbi uitwao The Kitchen. Jina lilitokana na mahali pake, jiko lililokuwa halitumiki ndani ya hoteli kuukuu ya mtaa wa Broadway. Waanzilishi walikuwa Woody na Steina Vasulka, wasanii wa video, na ratiba ya muziki wakamkabidhi Rhys Chatham, kijana asiyetimiza hata miaka ishirini. Agosti 1973 sehemu ya hoteli hiyo iliporomoka.

The Kitchen ulihamia SoHo, na katikati ya muongo huo mkurugenzi wake wa muziki akawa Arthur Russell, mpigaji selo kutoka Iowa. Aliialika bendi ya roki ya The Modern Lovers, na baadhi ya wazoefu wa ukumbi wakanuna. Russell hakuona dhambi. Mwaka 1978 alitoa santuri ya disko, Kiss Me Again, iliyochezwa katika kumbi za dansi, huku akiendelea kutunga kazi za ala nyingi. Kwake marudio ya disko na marudio ya Reich yalikuwa mwendo uleule, tofauti ni nani anayecheza na nani anayekaa kitini. Sioni kosa katika hoja hiyo.

Katika muziki wake wa disko, kwenye kinanda, alikuwapo Julius Eastman, na hapa ndipo inapofaa kutulia. Eastman, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1940, alisomea Curtis, Philadelphia, chuo kisichoingiwa kwa bahati. Alipiga piano, alicheza dansi, alitunga, na alikuwa na sauti nzito ya ajabu: ndiye aliyeimba katika rekodi maarufu ya Eight Songs for a Mad King ya Mwingereza Peter Maxwell Davies, kazi inayomtaka mwimbaji angurume na kulia kama mfalme aliyerukwa na akili. Aliimba pia na mtunzi na mwimbaji Meredith Monk. Mwaka 1981 ukumbi wa The Kitchen ulisikia kazi yake ya selo kumi kwa heshima ya Joan wa Arc.

Kuweza yote hakukumpa riziki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alifukuzwa katika nyumba aliyopanga, vitu vyake vikatupwa nje, na noti zake nyingi zikapotea. Kwa muda alilala katika bustani ya Tompkins Square. Alifariki Buffalo, Mei 1990, akiwa na miaka 49. Tanzia ya kwanza gazetini ilitoka Januari iliyofuata.

Wakati huo desturi yenyewe ilikuwa ikistawi. Mwaka 1987 watunzi Michael Gordon, David Lang na Julia Wolfe waliandaa Bang on a Can, onyesho la saa kumi na mbili katika nyumba ya sanaa ya SoHo, wakawapanga wanahesabu wa vyuoni na warudiaji wa viwandani katika ratiba moja. Upande wa pili wa nchi, San Francisco, Kronos Quartet ya David Harrington ilikuwa imekwisha kupiga wimbo wa Jimi Hendrix kwa fidla. Mwaka 1992 albamu yao Pieces of Africa ilimleta Mganda Justinian Tamusuza, aliyeandikia fidla mbili, viola na selo mizani ya muziki wa Kiganda. Tuzo ya Pulitzer, iliyokuwa ngome ya vyuo, ilimfikia Lang mwaka 2008, na mwaka 2013 Caroline Shaw, mpigaji fidla wa miaka 30, kwa kazi ya sauti nane ambayo yeye mwenyewe ni mmoja wa waimbaji wake. Miaka miwili baadaye alikuwa akishirikiana na Kanye West.

Eastman alirudi kwa njia ndefu. Mtunzi Mary Jane Leach alianza mwaka 1998 kutafuta noti za ile kazi ya selo kumi. Akakuta kanda hapa, karatasi pale, na mwaka 2005 zikatoka santuri tatu za rekodi za zamani. Waliotaka kupiga kazi hizo iliwabidi wasikilize kanda na kuandika upya walichosikia. Femenine, ya mwaka 1974, ndiyo inayopigwa sana leo. Hudumu zaidi ya saa moja, njuga zikitikiswa na mashine mwanzo hadi mwisho, na noti zake ni kurasa chache tu zenye muda wa kubadilisha ulioandikwa kando. Kinachotokea kati ya dakika moja na nyingine wapigaji huamua wenyewe.