Lakabu ya Mchezoni

Lakabu ya mchezoni ni jina la kupanga ambalo mchezaji wa michezo ya kompyuta au ya simu hujitambulisha kwalo mbele ya wenziwe, na ambalo aghalabu hupambwa kwa alama zisizo za kawaida ili lipambanuke na mengine. Mapambo hayo hutoka katika Unicode, mfumo wa kimataifa wa kuipa kila herufi nambari yake, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1991; mathalan ꧁ na ꧂, zipendwazo mno na wachezaji wa mchezo wa simu uitwao Free Fire, asili yake ni nakshi za maandishi ya Kijava, zilizoingizwa katika Unicode mwaka 2009. Kijana wa Elburgon, katika kaunti ya Nakuru, akikuta jina Simba limekwisha kutwaliwa, huweza kunakili nakshi hizo akajiita ꧁Simba꧂, nalo kwa mashine likawa jina jingine kabisa. Ila sahibu yake amtafutaye kwa kuliandika kwa kibodi ya simu hatalipata, na hiyo ni taksiri kubwa. Wala si wote wajipambao hivyo: Sylvia Gathoni, Mkenya mashuhuri katika mchezo wa mapigano wa Tekken aliyesajiliwa na timu ya UYU mwaka 2018, hutumia herufi tupu: QueenArrow.