Mpwapwa, bandari ya nchi kavu

Kabla ya reli, kabla Dodoma haijawa mji, msafiri aliyetoka Bagamoyo kwenda Tabora au Ujiji aliingoja Mpwapwa kama baharia anavyoingoja bandari. Nyuma yake alikuwa ameacha mito, matope na milima ya Usagara. Mbele yake kulikuwa na Marenga Mkali, nyika yenye urefu wa kilomita zipatazo 50 isiyo na maji ya kunywa, na baada ya hapo Ugogo, ambako watemi walitoza kila msafara hongo, yaani ushuru wa njia. Katikati ya taabu hizo mbili, chini ya vilima, palikuwa na kijito na watu wenye nafaka, maziwa na asali ya kuuza. Mji ulizaliwa na maji hayo. Serikali zilikuja baadaye sana.

Ukisoma habari za misafara ya karne ya 19 utakutana na majina ya Wazungu kwanza, lakini waliojaza kambi za Mpwapwa walikuwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walioshuka pwani wakati wa kiangazi na kurudi kwao kuwahi kilimo. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Majora ya vitambaa vya merikani na kaniki yaliviringwa yakakazwa kwa fito ndefu, ili mzigo ukiegemezwa mtini mchwa wasiufikie na mwenyewe aweze kuutwaa begani bila kuinama. Koili za waya zilining'inizwa kwenye ncha mbili za mti, zikabebwa mzegamzega. Msafara ulipotua Mpwapwa mizigo hii ilikaguliwa, kamba zikakazwa upya, vibuyu vikajazwa, na nguo zikahesabiwa kwa doti, kwa sababu kuanzia Ugogo doti ndizo zingenunua njia.

Misafara ilisubiriana pia. Mei 1871, Henry Morton Stanley alipokuwa akimtafuta Livingstone, aliunganisha watu wake na misafara ya wafanyabiashara wengine ili kuvuka Marenga Mkali pamoja, jumla yao wakiwa kama watu 400. Wingi ulikuwa ngao dhidi ya wavamizi na nguvu ya kujadiliana na watemi. Msaidizi wa Stanley, William Farquhar, hakuvuka. Alikuwa mgonjwa, akaachwa Mpwapwa, akafia hapo.

Kwa upande wa pili, kutoka bara kwenda pwani, zilipita pembe za ndovu, na walipita watu waliofungwa minyororo. Hili halisemwi vya kutosha tunapoizungumzia njia hii ya misafara, njia ya kati. Mtumwa aliyefika Mpwapwa alikuwa ameshavuka nyika ileile yenye kiu, bila kibuyu chake mwenyewe, na bado pwani ilikuwa mbali.

Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika mwaka 1876 wakielekea Buganda, na mwaka 1878 wakaweka kituo cha kudumu. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ikafuata. Mwaka 1889, vita vya Abushiri bin Salim vilipowaka pwani nzima, Abushiri mwenyewe alikuja hadi huku bara akakishambulia kituo cha kampuni na kukiteketeza. Miezi michache baadaye afisa wa Kijerumani Hermann von Wissmann akajenga boma. Novemba mwaka huohuo Stanley akapita tena, safari hii akiwa na Emin Pasha, gavana aliyekwenda kumwokoa, na bendera aliyoikuta ikipepea ilikuwa ya Ujerumani. Ndani ya miaka 18 kituo cha wapagazi kilikuwa kimegeuka kambi ya jeshi.

Kilichoiondolea Mpwapwa wasafiri wake, hata hivyo, ni reli. Ujenzi wa reli ya kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro 1907 na Dodoma 1910. Wajenzi walilifuata bonde la mto, wakapita Gulwe, kusini mwa mji. Injini haikuhitaji mtama wala asali. Dodoma, iliyokuwa kijiji tu, ikapata stesheni, kisha ofisi, kisha mwaka 1973 uamuzi wa kuwa makao makuu ya nchi. Bonde nalo halijawahi kuwa rafiki mwema wa reli: mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yaliisomba njia kati ya Kilosa na Gulwe.

Mpwapwa haikufa. Kituo cha utafiti wa mifugo kilichofunguliwa na Wajerumani mwaka 1905 kilikua, na baadaye kikatoa ng'ombe wanaoitwa Mpwapwa, wa maziwa na nyama, waliochanganywa kutoka zebu wa hapa na mbegu za Asia na Ulaya. Chuo chake cha ualimu kimesomesha vizazi.

Tangu 2006 njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu imo katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na Mpwapwa imetajwa humo pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Treni ya umeme iliyoanza kusafirisha abiria hadi Dodoma mwaka 2024 nayo ina stesheni Gulwe. Ningependa kuona ramani kubwa ya njia ya misafara pale stesheni, kwa Kiswahili, inayoonyesha wapagazi walitokea wapi, walibeba nini na walichota maji wapi. Boma la Wissmann liwemo, lakini lisichukue nafasi kubwa kuliko kijito.