Filamu Ikishauzwa

Seremala akiuza kiti, mnunuzi ana hiari ya kukipaka rangi aipendayo, na seremala hana neno. Je, filamu nayo ni kiti? Swali hili lilifikishwa mbele ya mahakama za Ufaransa, na kesi yenyewe yafaa kujulikana na kila afundishaye sanaa.

Mwaka 1950 kampuni ya MGM ya Marekani ilitoa filamu iitwayo The Asphalt Jungle, iliyoongozwa na John Huston. Ilikuwa nyeusi na nyeupe. Hilo halikutokana na uhaba wa ufundi, kwani filamu za rangi zilikwisha kuwapo. Kisa cha wezi kilitaka giza na vivuli, na mwongozaji alivipanga kama mshairi apangavyo vina. Mwaka 1986 tajiri Ted Turner aliinunua hazina ya filamu za MGM, kisha nyingi zikatiwa rangi kwa kompyuta ili ziwavutie watazamaji wa televisheni. Huston, ambaye alichukizwa mno na mtindo huo, alifariki mwaka 1987.

Kwa sheria ya Marekani Turner hakuwa na kosa. Huko, mtu akiajiriwa kutengeneza filamu, mwajiri ndiye ahesabiwaye mtunzi. Lakini mwaka 1988, stesheni ya La Cinq ya Ufaransa ilipotaka kuonyesha nakala ya rangi, watoto wa Huston pamoja na Ben Maddow, aliyeandika mchezo huo naye, walishtaki. Walishinda kwanza, wakashindwa katika rufani mwaka 1989, hata tarehe 28 Mei 1991 mahakama ya juu kabisa ikaitangua hukumu ya rufani. Ilishika kwamba kazi ya sanaa isiumbuliwe katika ardhi ya Ufaransa, popote ilipotolewa mara ya kwanza. Mwaka 1994 mahakama ya Versailles ikawapa warithi ushindi.

Sisi tuliokulia katika ushairi twaielewa hukumu hiyo upesi. Aghalabu mshairi wetu hutia jina lake katika beti za mwisho. Karatasi aweza kuiuza, bali beti zikipunguzwa hunung'unika, na watu humpa haki.

Wako waliomtetea Turner kwamba nakala ya asili ilibaki salama. Ni kweli, nasi hatuidharau hoja hiyo. Lakini kijana aliyeiona kwanza ile ya rangi aliambiwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya Huston, na Huston hakuwapo kukanusha.